UZI: Mlonge, manjano na "chai za kusafisha ini" dhidi ya sumukuvu. Ushahidi unasemaje?

Fundi wa Maabara (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mavuno yakishaingia ndani, hasa mwaka ambao mvua za mwisho zimeyakuta mahindi uani, matangazo yaleyale huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: unga wa mlonge, kapsuli za manjano, "chai ya kusafisha ini". Siku hizi yameongezewa kwamba vinaondoa sumukuvu mwilini. Juzi shemeji yangu, mama mwenye watoto wadogo, ameniuliza kama akiwachanganyia mlonge kwenye uji anaweza kuendelea kutumia mahindi yaliyoshika ukungu kidogo. Nilimjibu hapana palepale. Ila najua wenye swali hilo ni wengi na hawana wa kumuuliza, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Kazi yangu ni maabara, kwenye majaribio ya dawa za mimea. Naipenda, na naamini mimea yetu ina mengi ambayo hayajachunguzwa. Sijaja kuponda tiba asili.

Kwanza sumu yenyewe. Sumukuvu ninayoizungumzia hapa, aflatoksini, hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus, hasa Aspergillus flavus, kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine. Dunia iliifahamu baada ya mwaka 1960, pale Uingereza walipokufa bata mzinga zaidi ya 100,000 na chanzo kikaonekana ni mashudu ya karanga kwenye chakula chao. Sisi tuna kumbukumbu za karibu zaidi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua watu 317, wakafariki 125. Mwaka 2016 kwetu Dodoma na Manyara wagonjwa walikuwa 68 na waliofariki 20. Hao ni walioipata kwa wingi ndani ya muda mfupi. Anayeila kidogo kidogo miaka nenda rudi anaweza asione dalili yoyote mpaka siku saratani ya ini inapojitokeza.

Sasa ingia nami ndani ya seli ya ini, maana hapo ndipo hoja nzima ilipo.

Sumukuvu B1, ambayo ndiyo kali kuliko zote, ikiingia mwilini bado haijawa na makali yake. Ini lenyewe ndilo linaloinoa. Katika kujaribu kuigeuza ili itoke, vimeng'enya vya familia ya sitokromu P450 vinaiongezea oksijeni, inakuwa kitu kinachoitwa epoksidi. Epoksidi haidumu, lakini katika muda huo mfupi inang'ang'ania chochote kilicho jirani: protini, na kibaya zaidi, vinasaba. Kuna jeni iitwayo p53 ambayo kazi yake ni kuzuia seli iliyoharibika isiendelee kuzaana. Kwenye saratani za ini za maeneo yenye sumukuvu nyingi, jeni hiyo hukutwa imeharibika mara nyingi mahali palepale pamoja, kodoni ya 249, yaani nafasi ya 249 kwenye maelekezo ya jeni hiyo.

Seli haikai mikono mitupu. Ina glutathioni, kemikali inayoitengeneza yenyewe, ambayo huishika epoksidi na kuifunga ili itolewe nje ya mwili. Vita vyote ni mbio baina ya vitu viwili: epoksidi inatengenezwa kwa kasi gani, na glutathioni inaishika kwa kasi gani.

Antioksidanti za mimea zinaingilia wapi? Wauzaji wanasema zinazinyaka radikali huru, zile molekuli zenye elektroni pungufu zinazochoma utando wa seli. Kwenye mrija wa maabara ni kweli kabisa. Weka polifenoli za chai au kurkumini ya manjano, utaona rangi ya kipimo ikibadilika mbele ya macho yako. Lakini ukizinywa, sehemu kubwa haifyonzwi, na kinachofyonzwa hubadilishwa na utumbo na ini haraka mno. Kinachobaki kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na kile ulichomimina kwenye mrija.

Njia ya pili ndiyo iliyonishawishi mimi. Baadhi ya kemikali za mimea hazinyaki chochote zenyewe. Zinachokoza seli kidogo, na seli inajibu kwa kuongeza ulinzi wake. Kuna protini iitwayo Nrf2 ambayo muda wote imeshikwa na nyingine iitwayo Keap1. Sulforafani, inayotoka kwenye brokoli, hasa miche yake michanga, humgusa Keap1 akamwachia Nrf2. Nrf2 huenda kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi kwa pamoja: za kutengeneza glutathioni, na za vimeng'enya vinavyoitumia kufunga sumu. Sulforafani haizimi moto, inagonga kengele na watu wanatoka na ndoo. Na kengele ikigongwa nyumba ikiwa imeshaungua haisaidii kitu.

Haya yamejaribiwa kwa binadamu. Mahali panapotajwa zaidi ni Qidong, China, karibu na Shanghai, ambako saratani ya ini ilikuwa ikiua kupita kiasi, na watu walikula mahindi yenye sumukuvu huku wengi wakiwa na virusi vya homa ya ini B. Nitaeleza matokeo nikirudi, kuna watu wananisubiri kazini. Wenye maswali wekeni hapa.

Mwanafunzi wa Famasia

Mkuu, asante kwa uzi huu. Ila kuna kitu kinanichanganya. Nikitafuta tafiti za mlonge na ini nakuta nyingi sana, na karibu zote zinasema panya waliopewa mlonge walilindwa. Kama hali ndiyo hiyo, tunasubiri nini?

MlongeAsilia

Na mimi naomba nichangie, maana nauza mlonge na sioni aibu. Wateja wangu wananiletea ushuhuda. Wapo waliokuwa na uchovu, hamu ya kula imepotea, wakatumia na wakarudi sawa. Mimi simwambii mtu aache dawa za hospitali. Lakini nikisoma nyuzi kama hizi naona kila cha kwetu kinatakiwa kithibitishwe mara kumi, na cha Wazungu kikija kwenye chupa nzuri kinanunuliwa bila maswali. Hilo nalo tuliseme.

Fundi wa Maabara

Mkuu MlongeAsilia, hilo la chupa nzuri nakuunga mkono, na nitalirudia mbele.

Nimjibu kwanza mdogo wangu wa Famasia, maana swali lake ni zuri. Hebu nikupeleke kwenye jaribio lenyewe.

Panya weupe wanagawanywa kwenye makundi. Kundi moja linapewa maji tu. La pili linapewa sumu, mara nyingi kaboni tetrakloridi au parasetamoli kwa kipimo kikubwa. Mengine yanapewa dondoo la mmea, yaani kilichokamuliwa na kukolezwa kutoka kwenye mmea, siku kadhaa, kisha sumu. Baadaye damu inachukuliwa na kupimwa ALT na AST, vimeng'enya ambavyo kawaida hukaa ndani ya seli za ini. Vikionekana vingi kwenye damu ujue seli zimepasuka. Kisha ini linatolewa. La panya wa kawaida ni jekundu lililokolea, laini, linang'aa. La aliyepewa kaboni tetrakloridi limepauka na kuwa na njano njano, limejaa mafuta, ukilikata linaacha utelezi kwenye kisu. La aliyepewa mmea na sumu mara nyingi liko katikati ya hayo mawili. Ukiliona kwa macho yako unafurahi, na una haki ya kufurahi.

Lakini jiulize mambo haya.

Mmea ulitolewa lini? Karibu kila mara ni kabla ya sumu. Mgonjwa wetu huja baada.

Ulilinda kwa njia gani? Kaboni tetrakloridi, kama sumukuvu, haina makali mpaka ini liinoe. Mmea ukikizuia tu kile kimeng'enya kinachoinoa, ALT itashuka, na mtafiti ataandika "nguvu ya antioksidanti" wakati hakuna antioksidanti iliyofanya kazi yoyote. Na kimeng'enya hichohicho kikizuiwa kwa binadamu anayetumia dawa nyingine, dawa hizo zinaweza kujaa mwilini.

Kipimo ni kipi? Chukua kipimo cha kawaida cha miligramu 400 kwa kila kilo ya panya. Kwa hesabu inayotumika kuhamisha dozi, unagawanya kwa 6.2, unapata kama miligramu 65 kwa kilo ya mtu. Mtu wa kilo 70 anahitaji gramu 4.5 za dondoo kila siku. Nimesema dondoo, si majani. Kama gramu 100 za majani makavu zinatoa gramu 10 za dondoo, hapo ni gramu 45 za majani makavu kila siku. Kijiko kimoja kwenye uji hakifiki huko hata kidogo.

Na mwisho, majaribio ambayo mmea haukusaidia huwa yanabaki kwenye daftari. Yanayochapishwa ni yale yaliyofanikiwa. Ndiyo maana ukitafuta unakuta karibu yote yanasema ndiyo.

Sasa MlongeAsilia, nikupe haki yako. Mlonge uko kwenye oda moja ya mimea na kabichi na brokoli. Una kemikali ndugu wa zile za brokoli, na moja inayotokana nazo, moringini, imeonyeshwa kwenye seli za maabara kwamba inaiamsha Nrf2 ileile. Kwa hiyo kuna sababu ya kweli ya kuuchunguza, si hadithi za mitaani. Ila kimeng'enya cha kwenye jani kinachohitajika kuitengeneza kinakufa kwa joto. Majani ukiyachemsha sana, kwa hili la Nrf2 umebakiza kidogo. Kama chakula, bado ni mboga nzuri mno, na watoto wetu wanaihitaji.

Mama Tunu

Mtoa mada usitukimbie na Qidong yako. Tunasubiri.

Fundi wa Maabara

Nimerudi, mama.

Qidong yamefanyika majaribio zaidi ya moja. Mwaka 1997 walichukuliwa watu wazima 180, nusu wakapewa klorofilini miligramu 100 mara tatu kwa siku, nusu vidonge visivyo na dawa, kwa miezi 4. Klorofilini hutengenezwa kutokana na klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Kwenye mkojo walipima vipande vya vinasaba vilivyoshikwa na sumukuvu. Kwa waliopewa klorofilini vilipungua kwa asilimia 55. Ni matokeo makubwa. Lakini inaaminika ilifanya kazi hasa kwa kuishika sumukuvu tumboni, kabla haijafyonzwa. Hapo hakuna radikali iliyonyakwa.

Likafuata la miche ya brokoli, watu 200, majuma mawili. Kwa jumla makundi mawili hayakutofautiana vya kutosha kusema lolote. Walipoangalia ndani zaidi wakakuta kwamba wale ambao miili yao ilifyonza sulforafani nyingi walikuwa na alama chache za sumukuvu, ila ufyonzaji ulitofautiana sana baina ya mtu na mtu japo wote walikunywa kinywaji kilekile. Baadaye likafanyika jingine, watu 291 kwa majuma 12, safari hii wakilenga sumu za hewa chafu. Utoaji wa benzini kwa njia ya mkojo uliongezeka kwa asilimia 61. Kengele ililia kweli.

Sasa shikeni hili, ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Vifo vya saratani ya ini Qidong vilipungua sana, hata kwa watu waliozaliwa zamani kabla ya chanjo ya homa ya ini B. Kilichotokea ni kwamba kuanzia miaka ya 1980 sera za kilimo zilibadilika, watu wakaweza kununua mchele, wakaacha kutegemea mahindi. Alama za sumukuvu kwenye damu zao zikashuka karibu kutoweka, na vifo vikafuata kushuka. Sahani ndiyo iliyobadilika.

Wanasayansi walewale waliotumia miaka mingi kwenye brokoli ndio waliolipima na kuliandika hilo. Nawaheshimu sana kwa uaminifu huo.

Mwana wa Makueni

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi ni wa huku Makueni, mashariki mwa Kenya, na 2004 nilikuwa kijana wa kutosha kukumbuka. Tulizika. Macho ya manjano, tumbo limejaa maji, na mwanzoni watu wakasema ni uchawi ama ni sumu ya mtu.

Mahindi yalikuwa yameingizwa ndani yakiwa na unyevu. Kulikuwa na njaa, mtu anaogopa kuibiwa, kwa hivyo anaweka magunia mahali analala, sakafuni, bila hewa. Wachunguzi walipokuja walisema ni hilo haswa, kuhifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba. Hakuna mtu alikuwa amekosa majani. Mboga tulikula kila siku.

Nyanya yangu alikuwa anakoboa muthokoi kwa kinu, ganda lote linatoka. Ningependa kujua kama hiyo ilikuwa inasaidia.

Fundi wa Maabara

Pole sana, ndugu yangu. Poleni nyote wa huko.

Ndiyo, bibi yako alikuwa anasaidia familia. Kwenye punje, sumukuvu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, ile sehemu inayoota. Ukikoboa, ganda na kiini vikatoka, sehemu kubwa ya sumu inaondoka nayo. Kwa hiyo kwa mahindi yenye mashaka, sembe au muthokoi ni salama kuliko dona. Najua tunahimizwa dona kwa ajili ya virutubisho, na ni sahihi, lakini ni kwa mahindi mazuri yaliyochambuliwa. Na zile pumba zinazotoka zinakuwa na sumu iliyojikusanya. Zisirudi kwa mifugo kana kwamba ni chakula safi.

Muuguzi wa Zamu

Naomba niseme la wodini. Tunapokea watu wenye macho ya njano ambao ukiwauliza mlikuwa mnatumia nini wanajibu "hakuna". Ukikaa nao taratibu, ukimwita mama mkwe pembeni, inatoka: kapsuli za manjano zenye pilipili manga, chai ya kijani ya kupunguza mwili, mizizi ya mtu fulani. Wanaficha kwa kuogopa kufokewa. Ndugu zangu, hatutawafokea. Njooni na pakiti au chupa yenyewe, hata kama imeisha. Inaokoa muda mwingi sana.

Fundi wa Maabara

Dada Muuguzi, Mungu akubariki. Ulichosema kinalingana na ushahidi wa nje pia.

Manjano kwenye pilau na mchuzi haina shida. Kapsuli zilizoongezewa piperini, kemikali ya pilipili manga inayoifanya kurkumini ifyonzwe mara nyingi zaidi, ndizo zimeleta wagonjwa wa ini Italia na Marekani. Chai ya kijani ya kikombe haina tatizo. Dondoo lake la vidonge, kuanzia miligramu 800 kwa siku za EGCG, mojawapo ya kemikali za chai hiyo, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2018 iliona linapandisha vimeng'enya vya ini. Kilekile kinachouzwa kama kinga ya ini!

Na lipo lile la Finland. Wanaume wavutaji sigara 29,133 waligawanywa, baadhi wakapewa beta-karotini miligramu 20 kila siku, kila mtu akitegemea saratani ya mapafu itapungua. Matokeo yakatoka 1994: waliopewa waliugua zaidi kwa asilimia 18. Marekani jaribio linalofanana nalo lilisimamishwa 1996 kwa sababu hiyohiyo. MlongeAsilia, hapa ndipo ninapokubaliana nawe kabisa. Chupa nzuri haikuwasaidia wale watu. Kipimo kilekile cha ushahidi kiwe juu ya wote, wa kwetu na wa kwao.

MlongeAsilia

Nimekuelewa, mkuu, na nashukuru hukunidhalilisha. Tangazo langu lilisema "huondoa sumukuvu". Nitalitoa hilo neno. Nitabaki na mboga na lishe.

Swali: hivi hakuna mmea hata mmoja ambao madaktari wenyewe wanautumia kuokoa ini?

Fundi wa Maabara

Upo, na kisa chake ni kizuri. Kuna mmea wa Mediterania wenye maua ya zambarau na miiba, Silybum marianum. Mbegu zake zinatoa silimarini, na ndani yake silibinini. Ulaya mtu akila uyoga wenye sumu kali uitwao Amanita phalloides, hospitali nyingi humpa silibinini kwa dripu. Sumu ya uyoga ule huingia kwenye seli za ini kupitia mlango maalumu wa protini, na silibinini inaufunga mlango huo. Ni antioksidanti pia, lakini umuhimu wake mkubwa pale ni kufunga mlango, na ni kwa mshipa, mapema, chini ya uangalizi. Vidonge vya dukani vya mmea huohuo ni jambo tofauti kabisa.

Mapema ndilo neno. Angalieni parasetamoli. Mtu akizidisha, glutathioni ya ini inakwisha, na sumu inayotokana na dawa hiyo inaanza kuua seli. Hospitali wana N-asetilisisteini, inayoliwezesha ini kutengeneza glutathioni upya. Ikitolewa ndani ya saa 8 tangu kumeza, karibu kila mtu ini lake linapona. Kadiri saa zinavyopita, nguvu yake inapungua. Kama dawa inayojulikana kemia yake yote inashindana na saa, unga wa majani hauwezi kurekebisha sumukuvu ya miaka.

Binti Kilosa

Mimi nina ujauzito na nakula udongo, zile pemba za sokoni. Nimesikia udongo unafyonza sumukuvu. Ni kweli?

Fundi wa Maabara

Mdogo wangu, hongera kwa ujauzito. Ni kweli nusu. Ghana lilifanyika jaribio la miezi 3 la watu kumeza kapsuli za udongo maalumu, na alama za sumukuvu zikapungua. Lakini ule ulikuwa aina moja ya udongo, uliosafishwa na kupimwa madini yake mazito. Udongo wa sokoni haujapimwa, unaweza kuwa na risasi au mayai ya minyoo, na unaweza kuzuia madini ya chuma yasifyonzwe wakati ambao wewe unayahitaji kuliko mtu yeyote. Tafadhali mwambie mkunga wako kuhusu hamu hiyo, huenda damu yako imepungua.

Kibaigwa Mazao

Mimi ni mtu wa soko, nanunua na kuuza. Mwezi Machi 2021 Kenya waliposimamisha mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu tuliumia, wengine malori yalikwama mpakani. Tangu hapo nimekuwa mkali kwa wakulima wangu. Niwape ninachofanya, maana humu wengine hawana kipima unyevu.

Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, tia mahindi mpaka robo, weka chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, hayajakauka, rudisha juani. Ikibaki chini bila kushika, unyevu uko chini ya kama asilimia 15, yamekaribia. Tunataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Na kuanika ni juu ya turubai au kichanja, si ardhini, maana kuvu wanaishi kwenye udongo. Kisha mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka tatu.

Mnunuzi mkubwa anataka sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla, na B1 isizidi 5, ndicho kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sehemu 10 kwa bilioni huwezi kuziona kwa macho wala kuzinusa.

Fundi wa Maabara

Mkuu Kibaigwa, umemaliza kazi yangu. Niongeze mawili.

Kuchambua kwa mkono kunapunguza sana, kwa sababu sumu haisambai sawa kwenye gunia. Punje chache zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu ndizo hubeba mzigo mkubwa. Karanga ni vivyo hivyo, na tatizo ni kwamba zile mbovu zilizochambuliwa mara nyingi zinasagwa na kurudi sokoni zikiwa unga wa lishe au siagi, ambako jicho halizioni tena. Nunua karanga nzima, chambua, saga mwenyewe.

La pili ni homa ya ini B. Utafiti wa Shanghai ulionyesha kwamba hatari ya saratani ya ini kwa mwenye sumukuvu peke yake iliongezeka kama mara 3, mwenye virusi peke yake mara 7, na mwenye vyote viwili karibu mara 60. Watoto wetu wanachanjwa tangu 2002. Sisi tuliozaliwa kabla tukapime, na tusio na virusi tuchanjwe. Hakuna antioksidanti yoyote, ya mmea wala ya duka, iliyowahi kukaribia faida hiyo.

Mama Tunu

Na yale ambayo yameshaoza? Nina debe kama mbili hapa. Nikiyapika sana, au nikiwapa kuku na ng'ombe, au nikampa jirani anayepika pombe?

Fundi wa Maabara

Mama, moto wa jikoni hauivunji, si kwa ugali wala kwa kande. Pombe nayo haiisafishi, na wanywaji wengi tayari wana maini yaliyochoka. Ng'ombe wa maziwa akila, ndani ya siku moja sumu inatoka kwenye maziwa ikiwa imegeuka sumukuvu ya aina ya M1, na maziwa hayo watakunywa wajukuu. Bata hawaiwezi kabisa, kuku wanadumaa na kupunguza mayai. Yafukie mbali na shamba la mahindi, au yachome kavu kavu mahali penye upepo ukiwa umefunga pua na mdomo. Ni hasara, najua bei ya debe ilivyo sasa. Ukihitaji, nitumie ujumbe wa faragha, tutaona humu ndani nani yuko karibu na wewe mwenye mahindi makavu.